Ramani Isiyo na Baraza

Kwa miaka mitatu nimefundishwa kuhakiki. Nikikabidhiwa riwaya, nauliza: fani yake ni ipi, na fani hiyo imebeba maudhui gani? Wahusika ni akina nani? Mandhari ni ipi, na je, wahusika wanaishi kweli ndani ya mandhari hiyo au wamebandikwa tu? Maswali hayo nimeyazoea mbele ya vitabu. Mwaka jana niliyauliza kwa mara ya kwanza mbele ya ramani ya nyumba, kwa kuwa ramani ile ilikuwa ya nyumba yetu.

Nyumba yetu iko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Ni ya bibi yangu mzaa mama. Kuta zake ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, paa ni la mabati, mbele kuna baraza, katikati kuna ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba vitatu viko kila upande. Vyumba viwili vimepangishwa. Masika ya mwaka jana ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka chini hadi juu, ufa ukawa mpana kiasi cha kupitisha mkono. Mjomba, ambaye anafanya kazi Muscat nchini Omani, akaamua nyumba ibomolewe ijengwe mpya. Akasisitiza jambo moja: iwe nyumba isiyokula umeme, maana Bibi ni mtu mzima na hawezi kuhangaika na malipo kila mwezi. Nia hiyo naiheshimu, na uhakiki huu hauipingi.

Ramani ilifika kwa simu. Mimi nilipewa kazi ya kumsomea Bibi, kwa sababu ndiye mimi "niliyesoma". Nikamtajia kimoja kimoja: sebule, jiko la ndani, vyumba vinne vya kulala kila kimoja na choo chake, gereji, ukuta wa kuzunguka, paneli za jua. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na baraza, liko wapi?" Nikalitafuta. Halikuwepo.

Mwanzoni nilidhani hilo ni swali la mtu mzima anayependa ya zamani. Baada ya kuisoma ramani kwa wiki kadhaa nimeona kwamba lilikuwa swali la kiufundi, tena swali lililogusa kasoro kubwa kuliko zote. Dai langu ni hili: katika mtaa wa zamani, nyumba mpya haibani matumizi ya umeme kwa mashine inazoongezewa, wala kwa sura ya kale inayoigiza. Inabana kwa kuilinda njia ya hewa na kivuli ambayo mtaa wenyewe uliijenga, nyumba kwa nyumba. Ramani ya Mjomba imeifunga njia hiyo, halafu inataka kuifidia kwa mashine.

Nianze na mandhari. Waswahili walifika pande hizi za Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, wakifuata misafara ya biashara iliyopitia Tabora na Ujiji. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, Kiswahili kilikuwa kimekwishatangulia. Wabelgiji waliowafuata waliupanga mji kwa kuwatenga watu, na Buyenzi ukawa mmoja wa mitaa ya Waafrika. Barabara zake zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, nazo hutambulika kwa namba. Lakini ndani ya viwanja hivyo vilivyopimwa na wengine, watu walijenga nyumba waliyoijua wao, ile ambayo Ujiji, Tabora na Dar es Salaam huitwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pembeni, ua nyuma. Mwanafunzi wa lugha ataona jambo jingine hapa. Kifaransa cha Wabelgiji waliokaa Kongo kilichukua neno letu baraza, kikalitamka barza, kwa maana ya ukumbi wa nje wenye kivuli. Aliyekuja kututawala alipotaka kutaja sehemu ya nyumba inayomfaa mtu wa nchi ya joto, aliazima neno kwetu.

Bujumbura iko digrii 3 na kidogo kusini ya ikweta, kwenye kimo cha karibu mita 800. Mchana joto hufika nyuzi 29 au 30, na usiku hushuka hadi karibu 19 au 20. Jua la saa sita mchana linakaribia kukaa utosini. Hata mwezi Juni, linapoinama zaidi kuelekea kaskazini, huwa bado digrii 63 hivi juu ya upeo wa macho. Maana yake ni kwamba kinachopigwa na jua kuliko vyote ni paa. Kuta za kaskazini na kusini hulindwa kwa urahisi: upenu wa mita 1 hutia kivuli karibu mita 2 za ukuta saa sita mchana. Kuta za mashariki na magharibi ndizo ngumu, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huja chini chini na kuingia hadi ndani.

Halafu kuna upepo. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, kwa hiyo hewa ya ubaridi hutoka ziwani, upande wa magharibi na kusini-magharibi, ikaingia mjini. Usiku mambo hugeuka, hewa hushuka kutoka milimani upande wa mashariki. Tukiyaweka hayo pamoja tunapata kile ambacho darasani tungekiita mgogoro: upepo tunaouhitaji alasiri hutoka upande uleule wa jua tunalolikimbia. Ukifungua magharibi, unakaribisha vyote viwili. Ukifunga magharibi, unavikosa vyote viwili.

Nyumba ya Bibi imeelekea magharibi, nayo inautatua mgogoro huo kwa baraza. Paa la baraza linalizuia jua kabla halijaugusa ukuta, lakini upepo unapita chini yake, unaingia mlango wa mbele, unafuata ukumbi, unatokea uani. Usiku mlango wa uani ukiachwa wazi kidogo, hewa ya milimani huingia kwa njia hiyohiyo kinyumenyume na kuzipoza kuta kwa ajili ya kesho. Kuta zenyewe ni nene, na ukuta wa udongo wa sentimita 30 au zaidi huchelewesha joto kwa saa nyingi, hata likifika ndani huwa ni usiku na hewa ya nje imekwishapoa. Hakuna aliyemfundisha Bibi hayo kwa hesabu. Anajua tu mlango upi ufunguliwe saa ngapi.

Sasa tuitazame fani ya ramani mpya. Upande wa magharibi, pale palipokuwa na baraza, pana gereji na dirisha la kioo la upana wa mita 3. Dirisha hilo ni la fremu ya alumini na la kuteleza, yaani hata likifunguliwa lote hufunguka nusu tu. Juu yake hakuna upenu, kwa sababu paa limefichwa nyuma ya ukuta mfupi ili nyumba ionekane kama ina paa la zege. Ukumbi umekufa: ukiingia sebuleni unakutana na ukuta wa jiko, na hewa iliyoingia haina pa kutokea. Ua umesakafiwa wote kwa saruji na mwembe wetu umefutwa. Kuzunguka kiwanja chote kuna ukuta wa mita 2 na nusu. Kisha, kwa ajili ya kile kifungu cha "nyumba isiyokula umeme", kuna paneli nne za jua za wati 400 kila moja, taa za kubana umeme, na kiyoyozi "cha kisasa" katika kila chumba cha kulala.

Hesabu yake si ngumu. Kiyoyozi kidogo cha chumba hutumia takriban wati 1,000 kinapofanya kazi. Vinne ni wati 4,000. Paneli nne, jua likiwa kali na bila vumbi, hazitazidi wati 1,600. Tena jua la magharibi huitia nyumba moto kuanzia saa tisa, saa ambayo paneli zinaanza kuchoka, na joto lililohifadhiwa na vioo, zege na sakafu humsumbua mtu saa nne za usiku, wakati paneli hazitoi kitu. Basi umeme utanunuliwa gridini, au nyumba itakuwa tanuri. Na gridi yetu tunaijua. Sehemu kubwa ya umeme wa Burundi hutokana na maji, kama bwawa la Rwegura lililoanza kazi mwaka 1986 na mitambo ya mto Ruzizi tunayoshiriki na majirani. Kiangazi kikirefuka, maji hupungua, taa huzimika. Nyumba inayohitaji kiyoyozi ili ilaliwe ni nyumba inayokubaliana na mvua kabla ya kukubaliana na wakazi wake.

Huu ndio mpasuko kati ya fani na maudhui katika ramani hii. Maudhui yanayotangazwa ni kubana umeme. Fani, yaani kioo cha magharibi, paa lisilo na upenu na ukumbi uliozibwa, inazalisha joto. Paneli zimewekwa kulipa deni ambalo kioo kimelikopa.

Lazima nimtendee Mjomba haki. Ramani hii si ya kijinga. Ni ramani ya mahali pengine. Muscat joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na usiku wake haupoi kama wetu. Huko kuifunga nyumba na kuipoza kwa mashine kuna mantiki yake, na Mjomba amekaa ndani ya mantiki hiyo kwa miaka mingi. Tatizo ni lile la mwandishi anayemchukua mhusika wa jangwani na kumwambia aishi kando ya ziwa bila kumbadilisha mavazi.

Labda msomaji atasema: kwa nini usihifadhi tu nyumba ya zamani ilivyo? Au, ikijengwa mpya, kwa nini isilazimishwe kufanana na ile ya kale? Mwaka wa pili wa masomo tulikwenda Zanzibar kwa wiki tatu za mafunzo ya lugha, na huko nililiona jibu la swali la pili. Mji Mkongwe unalindwa kuliko mtaa wowote niliowahi kukanyaga. Una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985 na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Nyumba mpya haiwezi kusimama hovyo kati ya nyumba za mawe na chokaa. Milango, roshani na vimo vyote vina macho yanayovitazama. Lakini katika vichochoro vilevile niliona viyoyozi vimening'inia nyuma ya milango ya nakshi, vikitema hewa ya moto na kudondosha maji juu ya wapita njia. Sura ilikuwa imehifadhiwa. Kazi ya sura hiyo ilikuwa imesahaulika. Kichochoro chembamba kilikusudiwa kuwa kivuli cha watu wote, na sasa kinapokea joto linalotupwa nje na kila mwenye uwezo wa kununua mashine.

Zanzibar ilipewa pia mtihani ambao sisi hatuna haja ya kuusubiri. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Desemba 2009 umeme huo ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja kuzinduliwa mwaka 2013. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya ghorofa moja Mji Mkongwe, alituambia kwamba miezi ile familia yake ilirudi kuishi kama walivyoishi wazee wake: mchana chini penye kuta nene, jioni barazani, usiku juu madirisha wazi. Shida yao kubwa ilikuwa maji ya pampu. Joto halikuwashinda. Nyumba yao ilikuwa bado inajua kazi yake.

Hata hivyo, uzee peke yake haulindi jengo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Na hapa narudi nyumbani, kwa swali la kwanza. Siwezi kutetea nyumba ya udongo ya Bibi kama ilivyo, kwa sababu nimelala ndani yake. Vyumba viwili vya katikati havina dirisha la maana. Moshi wa jiko huingia ndani upepo ukigeuka. Mvua ikinyesha juu ya mabati yasiyo na dari hamwezi kusikilizana, na saa nane mchana mabati yale humwaga joto kichwani kama mkono wa mtu mwenye homa. Isitoshe, udongo umewahi kuua watu mjini kwetu. Februari 2014 mvua ya usiku mmoja iliangusha nyumba nyingi kaskazini ya Bujumbura, makumi ya watu wakafa, na nyingi ya nyumba hizo zilikuwa za matofali mabichi. Aliyemzika ndugu baada ya usiku ule hawezi kuambiwa kwamba kutamani saruji ni kupenda makuu.

Lakini uhakiki unapaswa kutafuta chanzo. Niliuchunguza ukuta wetu uliopasuka pamoja na fundi anayekaa mtaa wa pili. Juu ulikuwa mkavu na mgumu. Uliooza ni upande wa chini, sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Tulipopanua stoo miaka ya nyuma tulikata upenu, maji ya paa yakawa yanaanguka mguuni mwa ukuta, na uwanja wa nyuma hauna mfereji. Udongo ulivunjwa na maji tuliyoyaelekeza sisi wenyewe. Ukuta wa udongo unahitaji vitu viwili, msingi mrefu wa mawe na paa linalotoka nje vya kutosha. Sisi tuliunyima vyote viwili, kisha tukaulaumu.

Kwa hiyo ningeichora vipi? Mimi si mchoraji wa majengo, lakini mhakiki anayekosoa bila kuonyesha njia amefanya nusu ya kazi. Msingi uwe wa mawe, upande nusu mita juu ya ardhi. Kuta ziwe za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, na juu yake upite mkanda wa zege wa kuzifunga pamoja, maana tuko katika Bonde la Ufa na ardhi yetu hutetemeka. Matofali hayo hayachomwi, kwa hiyo hayali miti. Na kila mfuko wa saruji tunaouacha una maana, kwa kuwa utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Paa liwe la mabati ya rangi nyeupe, lenye upenu wa mita 1, na chini yake dari, na kati ya dari na bati paachwe matundu ya kutoa hewa ya moto. Ukumbi urudi, mlango ukitazamana na mlango. Juu ya milango ya vyumba pawekwe matofali ya matundu. Madirisha yawe ya nako, ambayo hufunguka karibu yote, yenye wavu wa mbu, kwa sababu hapa mtu hawezi kulala dirisha wazi akasahau malaria. Wavu hupunguza upepo, ndiyo, basi dirisha liwe kubwa zaidi kufidia. Mwembe ubaki. Feni ya dari hutumia wati 75 hivi. Feni nne ni wati 300, na mzigo huo, pamoja na taa na friji ndogo, unaweza kubebwa na paneli mbili na betri ya wastani.

Kuna jambo jingine ambalo ramani imelikosa kabisa, nalo si umeme. Nishati kubwa kuliko zote katika nyumba yetu ni makaa. Bibi hupika kwa imbabura, jiko letu la makaa, kila siku, na hata gesi ikinunuliwa ataendelea kupikia maharagwe kwenye makaa. Ramani imeliweka jiko ndani, nyuma ya sebule, kwa dirisha dogo la kuteleza. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Nyumba inayohesabu wati za taa na kusahau gunia la makaa haijamtazama mtu anayeishi ndani yake. Jiko libaki uani, lenye paa, bomba la moshi, na imbabura iliyoboreshwa isiyokula makaa mengi.

Nimefika kwa wahusika. Ramani inao wanne: baba, mama, watoto wawili, waliochorwa wakiwa wamesimama karibu na gari. Hakuna hata mmoja wetu. Bibi hana gari. Wapangaji wawili, ambao kodi yao ndiyo inayonunua unga, hawana vyumba katika ramani. Na jirani zetu hawamo. Ukuta wa mita 2 na nusu upande wa magharibi hautazuia upepo wetu tu. Nyumba iliyo nyuma yetu hupata hewa ya ziwani kupitia ua wetu, kama sisi tunavyoipata kupitia nafasi ya jirani aliye mbele. Tukijiziba, tutakuwa tumempokonya jirani upepo na kumlazimisha naye anunue feni. Katika mtaa uliobanana kama Buyenzi hakuna nyumba inayojipoza peke yake. Ndiyo maana nasema nishati ya nyumba haiwezi kuhesabiwa ndani ya mipaka ya kiwanja.

Baraza nalo lina hesabu yake. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, watu wa nyumba yetu na wa nyumba mbili za jirani hukaa barazani. Bibi huuza vitumbua, watoto hufanya kazi za shule, wazee hucheza karata. Taa moja ya wati 9 inawatosha wote. Katika ramani mpya watu haohao watakuwa ndani ya vyumba tofauti, kila chumba na taa yake, feni yake na mlango wake uliofungwa.

Hapo ndipo nilipodhani uhakiki wangu umekamilika. Nikauandika vizuri, nikamsomea Mjomba kwa simu usiku wa Ijumaa. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema: "Mpwa wangu, umesema mengi ya kweli. Lakini unajua mimi niliondoka Buyenzi mwaka gani?" Nilijua. Aliondoka mwaka 1995, akiwa na miaka 19, wakati mitaa ya mji ilipokuwa ikihamwa kwa bunduki. "Usiku ule," akasema, "tulikuwa barazani."

Sikuwa na jibu. Katika kurasa zangu zote za jua na upepo nilikuwa nimesahau kwamba ukuta wa mita 2 na nusu nao ni kumbukumbu. Nilikuwa nimeuita kasoro ya fani. Kwake yeye ulikuwa maudhui yenyewe: nyumba ambayo mama yake analala ndani yake bila kuonekana kutoka barabarani. Mhakiki anayesoma ramani lazima aulize pia nani aliichora akiwa na hofu gani, na mimi sikuuliza.

Hata hivyo, sikubali kwamba hofu iwe ndiye mchoraji pekee. Tulizungumza usiku kadhaa. Bibi naye aliingilia, akasema kwamba usiku ule wa mwaka 1995 waliookoa watoto ni jirani walioona kutoka kwenye baraza lao. Polepole ramani ikaanza kubadilika. Baraza limerudi, likiwa na geti la chuma la kufungwa usiku, ambalo halizuii upepo. Ukuta wa mbele umeshushwa, na sehemu yake ya juu itakuwa ya matofali ya matundu. Kioo kikubwa kimeondoka. Viyoyozi vimebaki viwili kwenye karatasi, na Mjomba hataki kuvifuta, nami nimeacha kubishana kwa sababu naamini nyumba yenyewe itamshawishi. Paa limepata upenu. Jiko liko uani. Suala la wapangaji bado halijaamuliwa. Mjomba anaona aibu mama yake kupangisha vyumba, Bibi anaona aibu kuomba pesa ya unga kwa mwanawe, na hapo uhakiki wangu hauna la kuongeza.

Buyenzi haumo katika orodha yoyote ya urithi wa dunia, na pengine hautaingia. Hakuna mamlaka itakayokuja kutuuliza kuhusu milango yetu. Kwa hiyo kila familia inayobomoa na kujenga ndiyo mamlaka, na ramani inayotumwa kwa simu ndiyo sheria. Kariakoo ya Dar es Salaam ilibadilika hivyo, nyumba moja moja, hadi nyumba za Kiswahili zikabaki chache kati ya maghorofa. Hukumu yangu juu ya ramani ya kwanza ni kwamba ilishindwa, kwa kuwa ilijibu swali la umeme bila kusoma jua, upepo, makaa wala jirani. Ramani ya pili si kamilifu, lakini imesomwa na watu watakaoishi ndani yake.

Wiki iliyopita fundi alivuta kamba kuonyesha misingi. Baraza alilipimia mita 1 na nusu. Bibi akaingia ndani, akatoka na mkeka wake, akautandika chini kati ya kamba na ukuta. Mkeka haukuenea. Akamwambia fundi asogeze kamba. Alipomaliza, tulipima: mita 2 na sentimita 10.